Hapo Zamani, Nani Aliona?

Mtoto wa shule ya msingi huko Kayanga au Nkwenda akifungua kitabu cha hadithi cha Kiingereza, maneno ya kwanza anayokutana nayo mara nyingi ni "once upon a time". Mwalimu hapati taabu. Anaandika ubaoni "hapo zamani za kale", darasa linaitikia kwa pamoja, na somo linasonga mbele na binti mfalme wake. Tafsiri haina kasoro. Ila kama mtoto huyo amelelewa na bibi anayesema Kinyambo, kuna maswali mawili ambayo msemo huo umeyaruka na ambayo bibi asingekubali yarukwe: lini hasa, na nani aliona?

Waingereza wanautumia msemo huo tangu karne ya 14. Ukiusikia unadhani unataja wakati, kumbe kazi yake ni kuufuta. Msimulizi akishautamka, haulizwi mwaka, haulizwi kijiji, wala haulizwi habari alizitoa kwa nani. Wafaransa wana wao unaofanya kazi ileile, na Charles Perrault alipochapisha hadithi zake mwaka 1697 aliufanya uwe mlango wa kawaida wa kuingilia ngano. Sisi tuna "paukwa" na "pakawa". Mimi sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Hadithi ya sungura na fisi haihitaji hati ya kiwanja. Ugomvi wangu unaanza pale ruhusa hii ya kusema bila kudaiwa ushahidi inapotoka kwenye ngano na kuingia kwenye asili ya watu, mipaka ya ardhi na haki ya kukaa mahali. Karagwe na Kyerwa ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu lugha ya pale haimpi mtu ruhusa hiyo kirahisi, na kwa sababu mgeni mmoja aliyefika pale alijipa mwenyewe.

Tuanze na lugha. Kiswahili sanifu kina -li- moja kwa yote yaliyopita. Nilikunywa chai asubuhi, nilikunywa chai juzi, babu alikunywa chai enzi za Mjerumani: kitenzi hakitikisiki, na umbali unauongeza mwenyewe kwa maneno mengine ukipenda. Usipopenda, basi. Kinyambo na ndugu zake, yaani Kihaya upande wa mashariki na Kinyankole ng'ambo ya mto Kagera, havina uungwana huo. Mfano ambao wanaisimu wameuzoea ni wa Kihaya, kitenzi chenye maana ya kufunga. Bernard Comrie aliutumia katika kitabu chake cha 1985 kuhusu nyakati za vitenzi. Twakoma, ni tulifunga leo hii. Tukomile, ni tulifunga jana. Tukakoma, ni tulifunga kabla ya jana, iwe juzi au miaka mia tatu iliyopita. Kinyambo nacho kimejengwa kwa mpangilio wa namna hiyo, na anayetaka kukizamia ana sarufi na msamiati wa Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mtu wa pwani akisikia "tukakoma" atakaa akisubiri kilichotangulia. Kwake -ka- ni ya kufuatisha: nilikwenda, nikaona, nikarudi. Haianzi, inafuata. Huko magharibi ya Ziwa Viktoria -ka- inasimama kwa miguu yake yenyewe, na ndiyo inayofungua zamani ya mbali. Hivyo mzungumzaji hawezi kusema ng'ombe alifungwa bila, kwa pumzi ileile, kusema alifungwa leo, jana au zamani. Hawezi kunyamaza kuhusu wakati. Anaweza kudanganya, ndiyo, lakini uongo wenyewe itabidi autie ndani ya kitenzi, mahali ambapo kila msikilizaji atausikia.

Zaidi ya vitenzi kuna matukio ambayo watu huyatumia kama vigingi. Kabla ya machifu kuondolewa, yaani kabla ya 1963. Wakati wa vita vya Amin, 1978 na 1979. Mwaka wa wakimbizi, 1994. Kabla ya kugawanywa, yaani kabla ya 2012, wilaya ya Kyerwa ilipokatwa kutoka Karagwe, na mtu aliyezaliwa Murongo au Isingiro akajikuta amezaliwa wilaya nyingine bila nyumba yao kusogea hata hatua moja.

Na ngano zenyewe je? Peter Seitel, mtafiti Mmarekani, alirekodi hadithi za Wahaya na kuzichapisha mwaka 1980 katika kitabu ambacho jina lake, kwa Kiingereza, lina maana ya "ona ili nasi tuone". Jina hilo hakulitunga. Limetoka katika kiitikio cha wasikilizaji. Msimulizi huanza kwa kusema kwamba alikwenda akaona, na hadhira humjibu kwa kumtaka aone ili nayo ipate kuona. Fikiria maana yake. Hadithi ni ya kubuni, kila mtu aliyeketi pale jikoni anajua ni ya kubuni, na bado anayeisimulia hapewi nafasi ya kujificha nyuma ya "hapo zamani za kale". Sharti asimame kama shahidi. Wahaya si Wanyambo, na sitaki kuwachanganya, lakini ni majirani wanaoelewana kwa lugha na waliooleana kwa vizazi vingi, na kanuni iliyo nyuma ya kiitikio hicho haikuishia Bukoba.

Sasa twende Bweranyange.

Mwishoni mwa Novemba 1861 maofisa wawili wa jeshi la Waingereza huko India, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Mukama Rumanyika wa Karagwe wakitafuta chanzo cha mto Naili. Makao ya mfalme yalikuwa Bweranyange, ambayo leo ni kata katika wilaya ya Karagwe. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wamewatangulia na walikuwa na kituo chao jirani, Kafuro, ambako pembe za ndovu zilibadilishwa kwa nguo, shanga na waya. Speke alikaa hadi Januari 1862 akaendelea kwenda Buganda. Grant alikuwa na kidonda kibaya mguuni kilichomzuia kutembea, akabaki hadi Aprili. Kwa maoni yangu mguu ule uliisaidia historia kuliko dira zote walizobeba, kwa sababu mtu asiyeweza kwenda mbele hutazama kilicho karibu: watu wanavyopita, wanavyovaa, wanavyocheza, wanavyolima. Kitabu chake cha 1864 hakina mbwembwe za mwenzake, na nakipenda zaidi kwa hilo.

Kitabu cha Speke, kilichotoka mwishoni mwa 1863, kina ndani yake wasimulizi watatu, na msomaji asiye makini atadhani ni mmoja.

Wa kwanza ni yule aliyekwenda akaona. Anaeleza kilima, ua wa ikulu, maziwa, ngoma, na ziwa dogo chini ya makao ya mfalme. Ziwa hilo aliliita Windermere Ndogo, kwa sababu liliwakumbusha yeye na Grant ziwa la kaskazini mwa Uingereza. Ziwa lilikuwa na jina lake, na wenyeji hawakuwa wameomba jingine, lakini angalau ziwa lenyewe alilitazama. Alipima pia kwa utepe wanawake wa nyumba ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa, jambo ambalo wasomaji wa Ulaya walilikumbuka kuliko mengine yote na ambalo halitusaidii sana hapa.

Wa pili ni yule aliyeambiwa, na anasema ameambiwa. Rumanyika alimsimulia jinsi baba yake, Ndagara, alivyozikwa: mwili ulishonwa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ukawekwa kwenye mtumbwi ziwani hadi ulipoanza kuoza, na funza watatu waliotoka humo wakapelekwa ikulu, ambako mmoja aligeuka simba, wa pili chui, na wa tatu fimbo. Kisha ndugu watatu waliogombea kiti wakawekewa ngoma ndogo iliyotiwa dawa. Wenzake Rumanyika walishindwa kuinyanyua. Yeye aliinyanyua bila taabu. Unaweza kuamini au kukataa, lakini ona jinsi habari hii ilivyokaa. Msemaji anajulikana. Tukio halikuwa la kale, lilikuwa la miaka michache tu nyuma. Waliokuwepo wengi walikuwa bado hai, na mmoja wao, ndugu aliyeshindwa, alikuwa bado ana wafuasi na kinyongo. Anayetaka kuuliza swali la pili ana pa kwenda kuuliza. Simba na chui hawaharibu kitu. Wanatuambia mamlaka ya Mukama yalihesabiwa yametoka wapi.

Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1876 alithibitisha baadhi ya mambo kwa macho. Rumanyika, ambaye wakati huo alikuwa mzee, alimwonyesha nyumba ya hazina yenye sanamu za madini za bata na ng'ombe, mikuki ya kifalme, na bunduki ambayo Speke alimzawadia na ambayo ilikuwa imetunzwa vizuri. Huo ndio mwendo wa ushahidi: mmoja anasema nilimpa, mwingine miaka 14 baadaye anasema niliiona.

Msimulizi wa tatu anatokea katika sura ya tisa ya kitabu hicho, na huyo ndiye aliyetuletea balaa. Speke anaacha alichoona na alichoambiwa, anaanza kueleza historia ya Wahuma, yaani wafugaji na koo za kifalme za Karagwe, Buganda, Bunyoro na nchi jirani. Mwenyewe anasema wazi kwamba ni nadharia yake. Kwa kuwa watu hawa walikuwa warefu, wenye nyuso nyembamba, na walikuwa wakitawala, haikumwingia akilini kwamba ni watu wa hapahapa. Lazima walitoka Uhabeshi. Lazima walikuja kama jamii bora wakawatiisha wakulima waliokuwa duni. Na kabla hajayaandika hayo alikuwa ameshamwambia Rumanyika uso kwa uso kwamba asili yake ni Uhabeshi. Mfalme ambaye ukoo wake ulikuwa na orodha yake ya mababu hadi kwa Ruhinda anaelezwa na mgeni wa wiki chache babu zake walitoka wapi.

Hakuna aliyewaona hao wahamaji. Hakuna mwaka uliotajwa. Ni "hapo zamani za kale" iliyovalishwa koti la sayansi. Inasikitisha kwamba katika kitabu chote kile, ndicho kipande kilichoishi muda mrefu kuliko vingine. Ua wa Rumanyika ulisahaulika, jina la Windermere limebaki kwenye vitabu tu, lakini hadithi ya watawala waliotoka Uhabeshi ilichukuliwa na wamisionari, na maofisa wa Kijerumani, na baada yao Wabelgiji. Nchini Rwanda iliingia shuleni na kanisani. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ulianza kutoa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na hivyo nadharia ya msafiri ikaingia kwenye mfuko wa kila mtu mzima. Speke peke yake hakuyafanya hayo yote. Walikuwepo wengi walioongeza chumvi, na wanasiasa wa baadaye walikuwa na sababu zao za mamlaka na ardhi. Ila mbegu ilikuwa imeshapandwa, na kilima kimojawapo ilipopandiwa ni cha Karagwe.

Mwezi Novemba 1992 mwanasiasa wa Rwanda, Léon Mugesera, aliwahutubia wafuasi wa chama chake huko Kabaya. Alisema Watutsi kwao ni Uhabeshi, na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2016. Atazamaye ramani ataona kitu ambacho hotuba haikukitaja. Nyabarongo haiendi Uhabeshi. Inaingia katika Kagera, na Kagera ndiyo mpaka wa magharibi wa Karagwe na Kyerwa, ikipanda kaskazini hadi inapopinda karibu na Murongo kuelekea Ziwa Viktoria. Kuanzia Aprili 1994 miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipita katika mto huo. Iliyofika ziwani iliopolewa na kuzikwa, mingi nchini Uganda. Mwisho wa mwezi huohuo watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa kama siku moja, na kambi za wakimbizi zikafunguliwa huko na pia Karagwe. Wengi wa waliovuka walikuwa Wahutu waliokuwa wakikimbia jeshi la waasi wa RPF, na miongoni mwao walikuwepo waliofanya mauaji. Kwa watu wa Kagera ndio mwaka wa wakimbizi niliokwisha kuutaja. Wanaukumbuka kwa kuni zilizokatwa, kwa bei sokoni, kwa visima, na kwa mto ambao kwa muda watu hawakutaka kuchota maji yake.

Wapo waliojaribu kuiandika zamani ya Karagwe kwa njia nyingine. Mwaka 1947 John Ford, mtaalamu wa mbung'o, na ofisa wa serikali R. de Z. Hall walichapisha makala ndefu ya historia ya Karagwe katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Si ajabu kwamba mtu wa mbung'o aliandika historia. Sotoka ya miaka ya 1890 ilipoua ng'ombe, malisho yaligeuka vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na nchi iliyokuwa ya wafugaji ikabadilika sura. Hiyo ni zamani inayoonekana kwenye majani na kwenye damu ya wanyama. Kisha mwaka 1975 mwanahistoria Mtanzania, Israel Katoke, alitoa huko Nairobi kitabu chake kuhusu ufalme wa Karagwe, akiwaweka wazee wa nchi kama mashahidi.

Kwenye masimulizi hayo ya wazee, mwanzo wa utawala wa Wahinda, yaani ukoo wa Ruhinda, una majina. Kulikuwa na Nono, mtawala wa ukoo wa Basiita, na Ruhinda akamwondoa. Wanahistoria hawakubaliani Ruhinda aliishi karne gani, na wengine wanaona yeye mwenyewe ni zaidi ya mtu mmoja. Hata hivyo msimulizi wa Kihinda na msimulizi wa Kisiita hawawezi kusimulia kuondolewa kwa Nono kwa namna moja, na kila mmoja anajulikana anasimama wapi. Msikilizaji anapima. Sura ya tisa ya Speke ilikosa hasa kitu hicho, mtu wa upande wa pili.

Nakiri kuna watu wanaotaka mambo yarahisishwe. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya eneo hilo yalipopandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa, moja iliitwa Rumanyika-Karagwe na nyingine Ibanda-Kyerwa. Mtalii anataka sentensi mbili kuhusu Rumanyika alikuwa nani, na "hapo zamani palikuwa na mfalme" inatosha kabisa kwenye kipeperushi. Sina neno. Kipeperushi hakiamui nani alale wapi.

Kibanja kinaamua. Migogoro ya vibanja, yaani mashamba ya migomba na kahawa, katika wilaya hizi mbili ni kesi za zamani kabla hazijawa kesi za ardhi: nani alianza kulima hapa, nani alimkaribisha nani, kaburi lile ni la nani, mlamula ule ulipandwa na nani. Mlamula ni mmea unaopandwa mpakani kwa sababu haufi kirahisi na kila mtu anajua haukuota wenyewe. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu, linasuluhisha tu, na wasiposuluhika shauri huenda kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Huko hukuta Sheria ya Ushahidi ya 1967, inayotaka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: kama ni jambo la kuonekana, aje aliyeliona. Sheria hiyo ina ukoo wake Uingereza, kupitia India. Kwa hiyo Waingereza waliotupa msemo wa kufuta wakati ndio hao hao waliotuletea kanuni ya kuudai. Sharti la miaka 12 nalo lipo, kwa kuwa madai ya kurudishiwa ardhi yakizidi umri huo hufungiwa mlango, na hapo tofauti ya "zamani kidogo" na "zamani sana" inakuwa tofauti ya kupata shamba au kulikosa.

Shahidi mzee akiitwa, kikao huendeshwa kwa Kiswahili. Anasema baba yake alipanda mlamula huu zamani. Kwa Kiswahili hiyo -li- inaweza kuwa 1958 au 1998, na wakili wa upande wa pili anajua. Ndipo mzee anapoulizwa kwa lugha ya nyumbani, na kitenzi chake kinakuja na -ka- mbele ya mzizi, nayo haisemi zaidi ya kwamba si leo wala jana. Swali linalofuata halihitaji mkalimani: ulikuwepo ukaona, au uliambiwa? Akisema aliambiwa, ataulizwa aliambiwa na nani, na kama mtu huyo yu hai, aletwe.